Nyumba ya 1904, ukuta wa chokaa na picha zisizotaka msumari

"Salaam fundi. Tumehamia Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga ambayo juu ya mlango wake pameandikwa 1904. Mwenye nyumba hataki misumari ukutani. Mume wangu alidhani msumari mmoja hautaonekana. Alipougonga mara ya tatu lipu ikabanduka kipande kama kiganja, na ndani tukaona mbao nyembamba na vumbi tupu. Jirani ameniambia kwamba ule ubao mwembamba unaozunguka sebule, nusu mita hivi chini ya dari, ndio wa kutundikia picha. Umepakwa rangi nyeupe mara nyingi mpaka umekuwa kama keki. Nina Tingatinga mbili za hadibodi, kanga ya marehemu bibi niliyoitia kwenye fremu yenye kioo, na kioo cha kujitazamia chenye fremu ya mninga, kilo 19, nimekipima. Je, ubao utabeba? Kamba zikining'inia ukutani si zitachukiza? Au nitumie zile gundi za kubandika, ambazo rafiki yangu anasema hazina madhara kabisa? Nilitaka kuukwangua ubao ule kwa msasa nianze upya. Mtoto wetu ana miaka miwili."

Dada, sentensi zako mbili za mwisho umeziweka kama nyongeza tu, lakini ndizo zilizofanya jibu hili liwe refu kuliko nilivyokusudia. Msasa uweke chini kwanza. Nitaeleza kwa nini. Na mumeo mpe pole. Nguvu zake hazikuwa na kosa wala msumari haukuwa mbovu. Alipiga mahali ambapo ndani hapana kitu cha kuushika.

Nilijifunza ufundi Mji Mkongwe, Unguja, kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kisha maisha yakanileta huku kwenye matofali mekundu na mvua. Swali ninalojiuliza mbele ya ukuta wowote limebaki lile lile alilonifundisha mzee wangu wa kazi: uzito utakwenda wapi? Picha imeshikwa na waya, waya umeshikwa na kulabu, kulabu imeshikwa na ubao, ubao umeshikwa na misumari, na misumari imeshikwa na kitu ndani ya ukuta. Kiungo kimoja cha mnyororo huo kikikatika, picha iko sakafuni. Maswali yako yote nitayajibu kwa kuufuata uzito huo.

Tuanze na lile tundu. Kama umewahi kuona nyumba ya fito na udongo ikikandikwa, basi ukuta wenu unaujua tayari. Zile mbao nyembamba mlizoziona ni papi, upana wa sentimita tatu hivi, zimepigiliwa mlalo kwenye nguzo za mbao na kuachiana nafasi ndogo. Fundi wa 1904 alichukua chokaa iliyochanganywa na mchanga na nywele za wanyama, za mbuzi au ng'ombe au farasi, akaikandika kwa nguvu juu ya papi. Sehemu ya chokaa ikapenya kwenye zile nafasi, ikajikunja kwa nyuma kama ulimi, ikakauka hapo. Ndimi hizo ndizo zinazoibeba lipu nzima. Juu yake akaongeza tabaka nyingine mbili na kulainisha. Ukipiga nyundo, papi zinacheza kama ngozi ya ngoma, na ndimi zinakatika hata mahali ambapo msumari haukugusa. Kilichoanguka ni kiganja kimoja, ila huenda eneo pana zaidi limeshaachia na linasubiri siku yake. Weka mkono wazi kuzunguka tundu usukume taratibu. Lipu ikicheza chini ya mkono, au ukiigonga kwa kifundo cha kidole ikalia kama debe tupu, imeachia. Gonga na pembeni zaidi ili usikie tofauti. Sikio linajifunza haraka.

Kuta za nje, na ule mnaochangia na jirani, ni habari nyingine. Hizo kwa kawaida ni tofali imara, na lipu ya chokaa imepigwa moja kwa moja juu yake. Msumari unaweza kukaa ukilifikia tofali, lakini chokaa ya juu humomonyoka kwanza, ukabaki na tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa kwa ajili ya picha ya nusu kilo.

Waingereza wa enzi za Malkia Victoria walikuwa na kuta hizi hizi na walikuwa na wazimu wa picha. Ukuta mmoja ungeweza kubeba ishirini. Kwa hiyo kuanzia katikati ya karne ya 19 wakazoea kuzungushia vyumba ubao ulionakshiwa, wenye mgongo wa mviringo au mfereji mdogo kwa juu ili kulabu ikae. Mafundi wa hapa wanauita reli ya picha, nami nitauita hivyo. Unaupigilia mara moja, vizuri, halafu hugusi tena ukuta wako kwa nyundo. Unasogeza kulabu kushoto au kulia upendavyo. Desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1930. Baadaye dari zikashushwa, kuta zikaanza kujengwa kwa bodi za jasi, na ilipofika miaka ya 1960 na 1970 watu wengi waliona reli hizi ni uchafu wa kizamani, wakazing'oa. Yenu imeponea. Ndugu zangu mlio Boston au Chicago kwenye nyumba za umri huo, mengi ya haya yanawahusu pia, kwa sababu nanyi mna papi na chokaa ukutani.

(Sisi pwani tatizo hilo tulilitatua kwa njia ninayoipenda zaidi. Wenye nyumba wa Lamu walijenga zidaka ndani ya ukuta wenyewe, wakapanga sahani na vyombo vyao humo. Kilichowekwa hakina haja ya kutundikwa.)

Sasa, je, itabeba? Ubao wenyewe karibu kila mara utabeba. Mashaka yako yaelekeze kwenye kinachoushika. Kwenye ukuta wa tofali, seremala wa zamani alichokoa udongo wa mshono kati ya tofali mbili, akapiga kabari ya mbao humo, kisha akapigilia reli kwenye kabari. Kwenye ukuta wa papi alipigilia kwenye nguzo, ambazo mara nyingi zinaachiana sentimita 35 hadi 40. Njia zote mbili ni nzuri sana siku ya kwanza. Baada ya miaka mia na ishirini, kabari zimekauka na kusinyaa, misumari mingine imekula kutu, na wapangaji wa kila aina wamepita hapo na ujuzi wao.

Kwa hiyo ipime. Zima taa ya dari, washa tochi ya simu, uielekeze kando ya ukuta ili mwanga ukwaruze. Tafuta ufa mwembamba wa rangi kati ya reli na lipu, hasa ufa ulio mweupe na safi ndani, kwa kuwa huo ni mpya. Kisha panda ngazi, shika reli kwa vidole, uvute chini na kidogo nje, hatua kwa hatua mpaka umezunguka chumba. Isicheze hata kidogo. Mahali palipokaza ndipo pa kutundika. Mara nyingi utaona hata vidoti vya vichwa vya misumari chini ya rangi, na kulabu inapenda kukaa karibu navyo.

Jaribio la tatu ndilo watu wanaliruka. Tundika kwenye kulabu mfuko imara uliojaa chupa za maji. Lita moja ni kilo moja, huhitaji mizani. Weka uzito mara mbili ya ule utakaotundika, piga mstari mwembamba wa penseli ukutani mahali ukingo wa chini wa reli unapogusa, uuache mfuko usiku na mchana mzima. Chini tandika godoro au mito, na mtoto asiingie chumba hicho. Kesho yake tazama mstari. Reli ikiwa imeshuka hata unene wa kucha, hapo hapafai.

Naisisitiza hii kwa sababu imeniuma. Miaka ya mwanzo huku nilitundika kioo cha mteja kwenye reli nzuri kabisa kwa macho, sikuipima. Kilianguka saa nane usiku. Kumbe mita moja ya reli ile ilikuwa mpya: mtu alikuwa ameziba pengo kwa kipande cha ubao wa kisasa, akakibandika kwa gundi ya ujenzi na kukipaka rangi kifanane na kingine. Nilikilipia kioo, na mteja hakunialika tena. Siku hizi kuna nyumba ambazo reli nzima imerudishwa namna hiyo, kama pambo la kuifanya nyumba ionekane kongwe. Dalili yake: kona zimekatwa sawa mno, rangi ina tabaka moja au mbili tu, na wakati mwingine juu hapana nafasi hata ya kupitisha kulabu. Reli yako iliyo kama keki, angalau kwa hilo, inatia moyo.

Ila keki hiyo ina shida zake mbili. Ya kwanza ni kulabu. Kulabu ya reli ina umbo la herufi S; mdomo wa juu, mpana, unashika mgongo wa reli, na wa chini unabeba kamba. Inakaa salama pale tu inapofika ndani kabisa ya mfereji. Rangi ikijaza mfereji, kulabu inakaa ukingoni, na kwa chini inaonekana imekaa sawasawa. Panda ngazi uitazame kwa juu. Kulabu pia zina midomo ya aina tofauti kwa sababu nakshi za reli hazifanani. Chora umbo la reli yako kwenye karatasi, au bana waya laini juu yake upate umbo, uende nalo dukani. Nunua za shaba au chuma imara. Zile za bati jembamba zinazonyooka kwa vidole hazifai hata kwa kalenda.

Ya pili ndiyo ya mtoto. Rangi ya mbao katika nyumba ya 1904, zile tabaka za chini, ichukulie kuwa ina risasi mpaka ipimwe. Ndiyo, risasi ile ile ya bunduki. Ilitiwa kwenye rangi ili idumu na kung'aa. Hapa Uingereza matumizi yake yalipungua sana kuanzia miaka ya 1960, na mauzo yake kwa watu wa kawaida yalikoma mwaka 1992. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Ikiwa nzima, imefunikwa na rangi mpya na haibanduki, haiwadhuru mkiwa mmekaa sebuleni. Inadhuru inapogeuka vumbi au vipande vinavyoingia mdomoni, na mtoto wa miaka miwili kila kitu anakipeleka mdomoni. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na kiasi kidogo tu kinatosha kuleta madhara. Mjamzito naye akae mbali. Ndiyo maana nasema usiukwangue ubao huo kwa msasa mkavu, wala usiuchome kwa kifaa cha kupuliza hewa ya moto, wala usimwachie fundi wa mtaani aje na mashine yake. Vipimo vidogo vya nyumbani vinauzwa kwenye maduka ya rangi, na maabara hupima kipande kwa uhakika zaidi. Mwambie mwenye nyumba. Ubao ni wake na kazi hiyo ni yake. Kama umeshaanza kukwangua, futa vumbi kwa kitambaa kibichi ukitupe, usifagie, na mpigie daktari wenu umuulize kuhusu kumpima mtoto damu.

Njia ya kati ipo: huna haja ya kusafisha reli nzima. Unahitaji sehemu kama nane zenye upana wa kulabu. Rangi ikishapimwa na kuonekana haina risasi, lowesha sehemu hizo na utoe rangi kwenye mfereji kwa kijiti cha mbao au bisibisi butu. Ikiwa na risasi, mwachie mwenye ujuzi nayo, au tafuta kulabu yenye mdomo mpana inayokaa vizuri juu ya rangi ilivyo, uijaribu kwa chupa za maji kama nilivyosema.

Kuhusu kamba: wengi wanafikiri kamba ni kamba. Kamba za katani na pamba zinapendeza, lakini zinaliwa polepole na unyevu, na hazitoi taarifa zinapochoka. Uzi wa mshipi wa samaki hauonekani, na ndiyo sifa yake pekee. Chini ya uzito unarefuka kidogo kidogo, picha inashuka upande mmoja, na fundo lake linateleza. Mimi natumia waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa, unaofungwa mwisho kwa kipete cha kubana kwa koleo. Nunua wenye uwezo wa mara tatu au nne ya uzito wa picha.

Halafu pembe. Hapa ndipo hesabu ndogo inapookoa vitu vya thamani. Ukitundika kioo chako cha kilo 19 kwa nyaya mbili zinazoshuka wima kutoka kulabu mbili, kila waya unabeba kilo tisa na nusu, basi. Ukikitundika kwa kulabu moja, waya ukitanda kama paa la nyumba, kulabu hiyo inabeba kilo zote 19, na waya unabeba kutegemea mwinuko wa paa. Paa kali la nyuzi 60: kila upande wa waya unavutwa kwa kilo 11 hivi. Paa la nyuzi 30: kilo 19 kila upande. Paa lililolala, nyuzi 15, kama wengi wanavyofunga waya mfupi nyuma ya fremu: karibu kilo 37 kila upande, kwa kioo cha kilo 19. Tena mvuto huo unakwenda ndani, unazibana pande za fremu zikaribiane na kung'oa vipete vya nyuma ya fremu vinavyoshika waya. Ukiona fremu imeachia kwenye kona zake za juu, mara nyingi ni waya uliolala kupita kiasi. Kwa hiyo kitu chochote kinachozidi kilo tano, tumia kulabu mbili na nyaya mbili wima. Faida ya pili: picha haipindi kila mlango unapobamizwa.

Je, zitachukiza? Ni suala la macho, na mimi sina upande mmoja. Watu wa zamani hawakuzificha. Walitumia hata minyororo ya shaba na vishada, wakaiona kuwa sehemu ya pambo. Nyaya mbili nyembamba za chuma zilizonyooka sambamba haziudhi. Kinachoudhi ni kamba nene ya rangi isiyoelewana na ukuta, au pembetatu tano za ukubwa tofauti kwenye ukuta mmoja. Ukitaka zisionekane zaidi, paka waya rangi ya ukuta kabla ya kuutundika.

Jambo jingine utakaloliona: picha inayoning'inia kutoka juu inainama mbele. Sababu ni vipete vya nyuma. Kadiri vinavyokuwa chini, ndivyo inavyoinama. Zamani walifanya hivyo makusudi ili picha zilizo juu ziwatazame walioketi na kioo kisirudishe mwanga wa dirisha. Ukitaka ikae karibu wima, funga vipete kwenye robo ya juu ya fremu. Chini, kwenye kona mbili, bandika vibonye vya mpira au kizibo vya unene wa nusu sentimita hivi.

Usivione vidogo vibonye hivyo. Kuta za nje za nyumba ya umri wenu kwa kawaida ni za tofali peke yake, unene wa sentimita 23 hivi, bila uwazi katikati. Wakati wa baridi ndani yake panakuwa baridi, na hewa yenye mvuke wa jikoni na wa pumzi zenu ikiacha matone nyuma ya picha, ukungu unaota. Hadibodi inafyonza unyevu huo na kupinda. Tingatinga zako ni uzao wa desturi aliyoianza Edward Saidi Tingatinga pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, rangi za kung'aa juu ya hadibodi. Rangi ile inastahimili, nyuma ya hadibodi ndiyo udhaifu. Ziweke kwenye ukuta wa ndani ukiweza, na zisiwe juu ya hita. Kanga ya bibi ni nyepesi kutundika lakini ni nyepesi kuharibika: jua la dirishani litainywa rangi kwa miaka michache, hata jua hili la Leicester tunalolicheka. Ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja, na hakikisha kioo hakigusi kitambaa.

Urefu wa waya usiukisie. Chukulia reli yako iko sentimita 215 kutoka sakafuni, nawe unataka katikati ya Tingatinga iwe 150, ambayo ni usawa wa macho ya watu wengi. Picha ina kimo cha 60, hivyo ukingo wake wa juu utafika 180. Vipete viko 15 chini ya ukingo, yaani 165. Toka 215 hadi 165 ni 50, toa sentimita tatu hivi za kulabu yenyewe: waya wa 47. Kata mrefu zaidi, funga upande mmoja, tundika, weka pima maji juu ya fremu, ndipo ubane upande wa pili.

Gundi za kubandika: rafiki yako ana nusu ya ukweli. Gundi inashika rangi. Kama rangi imeishika lipu vizuri na lipu imeishika papi vizuri, utapona. Kwenye nyumba yenu huo ni mnyororo mrefu wa "kama". Rangi ya zamani iliyo kama unga wa chaki haishikiki kabisa, na rangi mpya iliyopakwa juu yake hubanduka kama ganda la yai siku ya kutoa gundi. Kwa picha ya gramu mia mbili, sawa. Kwa fremu ya kanga yenye kioo, hapana.

Na kile kioo cha mninga. Reli iliyopita jaribio la kilo 38 za maji, kwa kulabu mbili zilizo karibu na misumari, itakibeba. Hata hivyo, kwangu mimi kisingetundikwa hapo. Mtoto wa miaka miwili atakivuta, na mkono wake haukuwemo kwenye hesabu yetu. Ningemwomba mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi ya skrubu mbili ndefu kwenye tofali la ukuta wa ndani, pale panapojitokeza kwa ajili ya bomba la moshi, au kwenye nguzo mbili za ukuta wa papi, tena kwa drili badala ya nyundo, baada ya kutumia kifaa cha kutafuta nyaya za umeme. Tundu mbili safi zinazibika kwa saa moja. Akikataa, kisimame sakafuni kikiegemea ukuta, kimefungwa juu kisiangukie mtoto. Nacho kitapendeza.

Mwite fundi mkichunguza mkakuta reli inacheza, lipu imevimba au dari ina ufa unaopanuka; dari ya papi ikishuka inashuka na uzito wa kuumiza. Chagua anayejua nyumba za chokaa. Muulize swali moja: "Reli hii utaifunga kwenye nini?" Akijibu tofali, nguzo au kabari, mkaribishe chai. Akijibu gundi, mshukuru. Msing'oe wala kuongeza kipande cha reli wenyewe. Nyumba nyingi za safu kama yenu hazimo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, lakini zilizomo, kubadilisha sehemu zake bila kibali ni kosa la jinai, na orodha ya Uingereza inaonekana bure mtandaoni.

Lile tundu la kiganja lisijazwe saruji wala jasi ngumu ya dukani. Chokaa laini ya zamani na kiraka kigumu havichezi pamoja, na ufa utalizunguka kabla ya Krismasi. Lipu iliyoachia itolewe, papi zifutwe vumbi na kuloweshwa, chokaa yenye nywele ikandikwe tabaka kwa tabaka. Kiraka cha ukubwa huo si kazi ya siku nzima kwa fundi wa chokaa, ila kukauka kwake hakutaki haraka. Najua unachofikiria: fremu ya kanga inatosha kabisa kulifunika. Inatosha. Lakini amana yenu inashikwa chini ya mpango wa kisheria, na siku ya kuhama mtu atakuja na karatasi ya hali ya nyumba mkononi. Piga picha, mwandikieni mwenye nyumba leo, mumeo aseme mwenyewe kuhusu msumari. Kanga itundikeni baadaye, mahali mlipopachagua kwa ajili yake.